Nimekushika, Tulia

Mwanamume akiingia saluni ya kina dada Jumamosi saa nne asubuhi, kuna mawili: ama amemfuata mkewe, ama amepotea njia. Huyu hakuwa na mke, na uso wake ulisema wazi kwamba hajui alipo. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, miwani imemteleza hadi ncha ya pua. Kwapani alibana mfuko mweusi kwa nguvu zote.

"Samahani, dada zangu," alisema. "Namtafuta msusi bora kuliko wote hapa."

Ebo! Maneno gani hayo ya kusema mbele ya wasusi wanne? Wote waligeuka kwa pamoja, vitana mikononi. Bwana yule alishtuka, akarudi nyuma, mfuko ukamponyoka. Kichwa kikatoka. Kichwa, nawaambieni, cheupe, hakina macho, kimevaa kofia iliyojaa nyaya, kikabingirika sakafuni katikati ya nywele zilizonyolewa.

"Mamaaa! Kichwa!" Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya aliruka na vibanio vyake vyote.

Kichwa kilikwenda kusimama miguuni pa Chanuo. Wote walimwita hivyo, kwa sababu chanuo halikumtoka nyweleni toka asubuhi mpaka wanafunga. Hata shangazi yake, mwenye saluni, alikuwa ameshalisahau jina alilopewa na wazazi. Siku hiyo alivaa gauni la njano na aproni nyeusi, na mkononi alikuwa na rundo la rasta. Aliinama, akakiokota kile kichwa cha plastiki, akakipangusa vumbi kwenye shavu.

"Pole," akakiambia. Kisha akamtazama yule bwana. "Huyu mgonjwa wako anataka mtindo gani?"

Saluni nzima ikavunjika mbavu. Bwana yule naye akacheka, na alipocheka miwani ikaanguka kabisa.

Alieleza kwamba anafanya kazi chini ya Profesa mmoja kwenye maabara ya chuo, jengo la matofali mekundu juu ya kilima. Yeye ni mtu wa mashine ya kupima umeme wa ubongo.

"Ubongo una umeme?" Shangazi aliuliza.

"Kidogo sana, mama. Hauwezi kuwasha hata taa."

"Ndiyo maana wa wengine hukatika," Shangazi alisema, akimwangalia msusi wa mwisho aliyekuwa ameunguza kitambaa kwa pasi ya nywele.

Shida yake ilikuwa hii: kofia ile ina vitundu sitini na vinne, na kila kitundu lazima kiguse ngozi ya kichwa. Mtu mwenye nywele nyingi, au aliyesukwa ovyo, vitundu havimgusi. Mwezi mzima alikuwa akiwarudisha watu nyumbani. Chanuo alikigeuzageuza kile kichwa, akapitisha kidole katikati ya vitundu, kutoka paji la uso hadi kisogoni.

"Mstari unapita hapa, unapinda hapa, unaacha njia hapa," alisema. "Kaka yangu, huu ni msuko wa twende kilioni tu. Tena wa kitoto."

Bwana yule alimtazama kana kwamba amempa maji jangwani. "Utakuja Jumanne?"

"Nenda naye, Chanuo," Shangazi aliamua. "Bwana Nyaya huyu akiachwa peke yake atawapotezea watu vichwa."

Jina likamganda palepale. Naye Bwana Nyaya, kwa haraka yake, akaandika kwenye orodha ya maabara: Msusi, Chanuo. Hakuandika zaidi ya hapo.

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kina kiti cha kulalia nyuma, kompyuta mbili, na meza yenye kopo la mafuta meupe na kibamba kidogo cha chuma kinachopata moto. Bwana Nyaya alimweleza kazi yote, maana Chanuo hakuwa mtu wa kushika kichwa asichojua kinapelekwa wapi.

"Mtu tunampaka mafuta mkononi. Kisha tunamwekea hiki kibamba. Kinachoma, lakini hakiunguzi. Anatuambia maumivu ni mangapi, toka sifuri hadi kumi, na mashine inaandika wimbi la ubongo. Akiumia, wimbi linapanda."

"Na mafuta ni dawa?"

"Kundi la kwanza tunawaambia ni dawa kali ya maumivu. Kundi la pili tunawaambia ni mafuta tu."

"Kumbe ni nini?"

"Ni mafuta tu. Kwa wote."

"Mnadanganya watu!"

"Wanasaini kwamba kuna jambo wataambiwa mwishoni, na mwishoni tunawaambia. Lakini sikia ajabu hii: aliyeamini ni dawa, anaumia kidogo kweli. Hajifanyi. Wimbi lenyewe linashuka. Nina miaka miwili nalitafuta wimbi hilo." Macho yalimng'aa. "Sharti langu ni moja. Usizungumze nao habari za mafuta."

Chanuo alilishika sharti lile. Hakutamka mafuta hata siku moja. Ila alikuwa na desturi yake aliyofundishwa na Shangazi, kwamba kichwa cha mtu hakishikwi kama nazi ya sokoni. Kabla ya kuchambua nywele, aliweka viganja viwili utosini mwa mteja, akanyamaza kidogo, akasema, "Nimekushika. Tulia." Akivuta, alisema pole. Akimaliza mstari, aliugusa kwa kidole kana kwamba anaufungia mlango. Na katikati alikuwa na maneno: watoto hawajambo, mguu umepona, huyo mwenye nyumba bado mkorofi?

Mapenzi yalianzia kwenye vichwa vya watu. Bwana Nyaya alipima kwa utepe toka juu ya pua hadi kisogoni, Chanuo akifuata nyuma yake na kitana, na vidole vikakutana utosini mwa mwalimu mmoja mstaafu. Havikuachana upesi.

"Mkimaliza kushikana mtaniambia," mwalimu alisema. "Mimi bado nipo hapa chini."

Kuanzia siku ile simu ikawa haipoi. Jioni Chanuo akifika tu nyumbani, inaita.

"Malkia, umefika?"

"Nimefika. Miguu iko juu ya stuli."

"Umekula?"

"Wewe ni daktari wa nyaya au wa tumbo?"

"Daktari wa Chanuo."

"Ulisomea wapi?"

"Bado nasoma. Nafeli kila siku."

"Basi rudia darasa, mpenzi. Mwalimu hana haraka."

Alikuwa na haki ya kutokuwa na haraka. Mchumba wake wa zamani alikaa naye miaka mitatu, kisha akaondoka kwa maneno machache aliyoyasema huku anafunga kamba za viatu: "Nilikuwa najaribu tu kama tunawezana." Chanuo alilia mpaka Shangazi akamnyang'anya mkasi. Alimsimulia Bwana Nyaya siku moja wakiwa wamekaa kwenye ngazi za jengo lile jekundu, yeye kwenye gauni la bluu la maua madogo, bwana akimshikia mkoba magotini. Bwana Nyaya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikujaribu, Chanuo. Mimi nimekuja."

Akayaamini. Angefanyaje? Yaliingia moyoni yenyewe.

Mambo yakaanza kugeuka mwezi wa tatu wa kazi yao. Bwana Nyaya akawa anakodolea kompyuta muda mrefu, anakuna kidevu, chai inapoa. Jumanne moja alimwambia Chanuo mlangoni, macho chini, "Leo naomba usiongee nao. Suka kimya. Na usiweke ile mikono utosini."

"Nimekosea?"

"Hapana. Ni kazi tu."

Chanuo akasuka kimya, vidole vizito. Alhamisi akaambiwa, "Leo ongea, kama zamani." Jumanne iliyofuata, kimya tena. Jioni simu ilipoita, Chanuo alikuwa tayari.

"Sauti yangu imekuchosha?"

"Hata kidogo, malkia!"

"Unanionea haya mbele ya Profesa wako?"

"Chanuo, acha hayo. Nitakueleza yote. Sasa hivi siwezi kukuambia."

Shangazi, aliyekuwa akikunja taulo, alisikia kila kitu kwa sababu alikuwa amesogea makusudi. "Mwanamume akisema siwezi kukuambia," alisema, "ana mke. Au wawili."

Heri angekuwa na wawili. Alhamisi Chanuo alifika mapema, akawa anatafuta ile penseli ya nta ya kutia alama kichwani. Alifungua droo, akaona karatasi. Ilikuwa na mistari iliyonyooka, tarehe pembeni, na mwandiko anaoujua. Chanuo: maneno. Chanuo: kimya. Chanuo: maneno. Mbele ya kila siku kulikuwa na tarakimu za mawimbi. Na chini kabisa, imepigiwa mstari: Msusi asijue. Akijua, mikono itabadilika.

Bwana Nyaya aliingia na vikombe viwili vya chai. Alipoona karatasi, alisimama.

"Nikueleze," alisema.

"Nimeshasoma. Msusi asijue. Msusi ni mimi, sivyo?"

"Chanuo, kundi la pili lilikuwa limeharibika. Wanajua ni mafuta tu, na bado hawaumii! Nikakaa siku nne nahesabu. Wenye nywele fupi, wasiopita kwako, wanaumia kama kawaida. Uliowasuka ndio wametulia. Nikataka kujua kama ni kukaa tu kitini, au ni wewe."

"Ukanijaribu."

"Nilipi—"

"Uliniambia hujaribu." Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha bwana. "Kwenye zile ngazi, mkoba wangu magotini mwako. Sasa niambie. Kuniita malkia kulikuwa siku za maneno au siku za kimya? Na nilipokuwa nacheka kwenye simu, tarakimu zake uliziandika wapi?"

Bwana Nyaya aliviweka vile vikombe mezani. Alikuwa mtu mwema, lakini mjinga kwa namna ya watu waliosoma sana: hakuwahi kufikiri kwamba mtu mmoja hawezi kupendwa na kupimwa siku hiyohiyo bila kuulizwa.

Chanuo alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kitini. Aliondoka na kitana chake tu.

Simu iliita wiki nzima. Hakupokea. Ujumbe ukaja: Sikuwahi kukupima wewe. Nakupenda. Akaufuta, kisha akajuta, kisha akajikasirikia kwa kujuta. Alimpenda, ndiyo ilikuwa shida. Angekuwa hampendi, angemtukana yakaisha.

Lakini kilichomwumiza zaidi kilikuwa mikono. Akisimama nyuma ya mteja, akitaka kuweka viganja utosini, anakumbuka ile karatasi. Anajisikia kama anafanya mazingaombwe. Anaacha. Anaanza kusuka tu, kama mtu anayeshona gunia.

"Mwanangu," alisema mama mmoja, mteja wa miaka mingi, akijishika mapanja. "Huwa nakuja hapa na kipanda uso, naondoka sina. Leo nimekuja na kimoja, naondoka na viwili."

Chanuo aliingia stoo, akalia kwenye boksi la shampuu. Shangazi alimfuata, akasimama mlangoni.

"Umemkosa bwana, sawa, mabwana wapo," alisema. "Lakini mikono hiyo nilikupa mimi. Usiniambie ameondoka nayo."

Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi, mlango ulifunguliwa. Lile shati jeupe, safari hii halijaona pasi. Nywele zilikuwa zimeota hovyo. Kwapani kulikuwa na faili.

"Tumejaa," Chanuo alisema bila kugeuka.

"Nitachukua namba," alisema Bwana Nyaya.

Akachukua. Namba sita. Akakaa kwenye benchi katikati ya mama mwenye vibanio na bibi harusi mtarajiwa, magoti yameshikana, faili kifuani. Alikaa saa tatu na nusu. Walimpa mtoto amshike, akamshika. Walimpa gazeti la mitindo, akasoma lote. Shangazi alikuwa na sheria moja tu katika saluni yake: mwenye namba hafukuzwi. Namba sita ilipoitwa, akaja akakaa mbele ya kioo, na wakatazamana mle ndani.

"Unataka mtindo gani?" Chanuo aliuliza.

"Nimekuja kuomba kitu nilichotakiwa kuomba mwanzo." Alifungua faili. "Hizi ni karatasi zote za siku zako. Nimemwambia Profesa kwamba nilikosea, kwamba sikukuuliza. Amenigombeza kutwa nzima, na alikuwa na haki. Na hii ni fomu. Ukikubali zitumike, unaweka alama hapa. Ukikataa, hapa."

"Nikikataa?"

"Zinafutwa zote."

"Na miaka yako miwili?"

"Mingi inaenda nazo. Kundi la pili karibu lote lilipita mikononi mwako."

Draya zilizimwa, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyekuwa anakausha nywele tena.

Chanuo aliichukua fomu. Aliisoma yote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuisoma. Kisha akachukua penseli ya nyusi kwenye aproni yake, akaweka alama penye Sikubali.

"Tupa," alisema.

Bwana Nyaya hakusema "lakini." Hakusema "fikiria kwanza." Alisimama na kitambaa chake cha saluni shingoni, akaenda kwenye pipa la nywele zilizofagiwa, akaichana karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka faili ikabaki ganda. Kisha akatoa simu, akaiweka sauti ya juu.

"Profesa? Msusi amekataa."

Ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyochoka. "Zote?"

"Zote. Nakuomba ufute zilizoko kwenye kompyuta kuu. Sasa hivi, nikiwa kwenye simu."

Zikasikika batani zikibonyezwa. Saluni nzima ilizihesabu. "Nimefuta," alisema Profesa. "Na umwambie ana haki. Pole, mwanangu." Simu ikakatika.

Bwana Nyaya alirudi kitini, akakaa. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, naye hakuyafuta. Chanuo alimtazama kiooni. Alimtafuta yule mtu anayejaribu, akamkosa. Aliyebaki pale hakuwa na kitu mkononi, na hakuondoka.

Viganja vyake vikapanda vyenyewe. Wiki tatu vilikuwa vimekataa, leo vikapanda, vikatua utosini pa yule bwana.

"Nimekushika," alisema. "Tulia."

Bwana Nyaya alifumba macho. Mabega yakashuka.

"Na unajua hakuna dawa yoyote humu mikononi," Chanuo alisema.

"Najua. Hakuna anayejua kunishinda mimi." Alivuta pumzi. "Na bado, Chanuo. Na bado."

Mama mwenye vibanio akapenga kamasi kwa sauti.

"Nywele zako zina mafundo kama katani," Chanuo alisema, akishusha kitana taratibu. "Utarudi maabara uanze upya. Nitakuja Jumanne. Lakini safari hii uniulize kwanza. Kila kitu, uniulize kwanza."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Basi nakuuliza." Aligeuka kitini, kitana kikiwa bado kimenasa kichwani. "Utakubali nikuoe?"

"Mimi nilikuwa nasema habari za kazi!"

"Za kazi nitauliza Jumanne."

Chanuo alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena mpaka akaegemea kioo. Wiki tatu za uchungu zikamtoka kwa kicheko kile.

"Chanuo, jibu mtu," Shangazi alisema toka mezani kwake. "Namba saba anangoja."

"Namba saba hana haraka!" akajibu namba saba.

Chanuo aliichukua ile fomu aliyoikataa, akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya bega la Bwana Nyaya kama meza. Akaandika kwa penseli ya nyusi, polepole: Nimekubali. Chini yake akaandika jina lake, jina kamili, la kwake na la baba yake na la babu yake, akampa.

Bwana Nyaya alilisoma, midomo ikitembea. Akalisoma tena.

"Kumbe unaitwa hivi?"

"Ndiyo," alisema Chanuo. "Hukuwahi kuuliza."